Makaburi ya Greyfriars

Leo twende pamoja mpaka Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, tukatazame makaburi ya kale. Mahali hapo huitwa Greyfriars, maana yake watawa wenye mavazi ya rangi ya majivu, kwa kuwa zamani kiwanja kilikuwa chao. Mwaka 1562 Malkia Mary aliwapa watu wa mji kiwanja hicho wapate kuzika wafu wao.

Baadaye kanisa lilijengwa humo. Mwaka 1637 Mfalme Charles wa Kwanza aliwaamuru Waskoti watumie kitabu kipya cha sala, nao wakakataa. Tarehe 28 Februari 1638 wakuu wao walikutana katika kanisa la Greyfriars, wakatia sahihi hati iliyoitwa Agano la Taifa, wakiahidi kuilinda dini yao. Wafuasi wa hati hiyo wakaitwa Watu wa Agano.

Ikapita miaka 41. Mwezi wa Juni 1679 Watu wa Agano walipigana na jeshi la Mfalme Charles wa Pili penye daraja la Bothwell, wakashindwa. Mateka wengi waliletwa Edinburgh, wakafungwa katika uwanja ulio kando ya makaburi yale yale, hawana paa juu yao. Wengine walikufa humo. Wengine waliapa kutomwasi mfalme tena, wakaachiliwa. Mwezi wa Novemba watu 257 waliobaki walipakiwa merikebuni wapelekwe Amerika kutumikishwa. Merikebu ilivunjika penye visiwa vya Orkney, na watu zaidi ya 200 wakafa maji.

Mwanasheria mkuu wa mfalme siku zile alikuwa George Mackenzie, aliyewashitaki Watu wa Agano wengi. Alipokufa mwaka 1691 alizikwa Greyfriars, katika kaburi zuri lenye kuba, karibu na uwanja ule wa mateka. Lakini Watu wa Agano walionyongwa mjini walizikwa pembeni, pamoja na wezi na wauaji. Mwaka 1706 ndipo walipowekewa jiwe la ukumbusho ukutani, la kuwaita mashahidi.

Humo pia amelala James Hutton, mtaalamu aliyeonyesha kwa kutazama miamba kwamba dunia ina umri mkubwa mno. Alikufa mwaka 1797, na kaburi lake likakaa miaka 150 bila jina. Mwaka 1947 ndipo alipowekewa jiwe.

Basi, tusipime heshima ya mtu kwa ukubwa wa kaburi lake. Mwenye nguvu hupata jiwe siku anapozikwa. Mnyonge hungoja mpaka atokee mtu wa kumkumbuka. Nanyi wanafunzi, waulizeni wazee wenu ni nani waliolala katika makaburi yasiyo na alama, mkayaandike majina yao wangali wapo wanaoyajua.