Tone la Damu Kisiginoni

Katika mwaka 1934 mama mmoja wa Norwei alimwendea tabibu Asbjørn Følling mjini Oslo pamoja na wanawe wawili, binti na mvulana, waliozaliwa wakionekana wazima kisha akili zao zikadumaa, akamweleza jambo ambalo matabibu waliomtangulia hawakulitilia maanani, ya kwamba watoto hao walikuwa na harufu ngeni isiyowatoka. Følling, aliyesomea kemia kabla ya utabibu, hakumdharau. Alitia kloridi ya chuma katika mkojo wa binti, nao ukageuka kijani, rangi ambayo hakuitazamia hata kidogo. Akamwomba mama alete mkojo zaidi, naye akaleta na kuleta hata zikatimia kama lita 20, na baada ya kuchuja na kupima kwa subira ikadhihirika humo asidi ya fenilpiruvi. Kisha akawapima wagonjwa 430 katika nyumba walikotunzwa waliodumaa akili, akapata 8 wengine wa namna ile ile. Hayo ndiyo maradhi yaitwayo leo fenilketonuria.

Nimekawia kumsimulia mama huyu kwa kuwa historia ya upimaji wa watoto wachanga aghalabu husimuliwa kuanzia maabara, ilhali kwa haki yafaa ianzie kwake.

Na hakuwa peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, huko Birmingham, Uingereza, mama mwingine alizoea kumngoja Horst Bickel asubuhi mlangoni mwa maabara yake, akimtaka dawa ya binti yake, wala hakuridhika kuambiwa kwamba haiko. Bickel na wenziwe wakatengeneza chakula kilichopunguzwa fenilalanini, ile sehemu ya protini ambayo mwili wa mgonjwa huyu hushindwa kuibadili, ikajaa damuni na kuharibu ubongo; na yule binti, ambaye hata kusimama hakuweza, akajifunza kutambaa, akasimama. Lakini ubongo uliokwisha kuharibika haukurudi ulivyokuwa. Ilikuwa dhahiri basi kwamba chakula hicho kilifaa kuanza kabla ya dalili yoyote, na swali likawa ni vipi atajulikana mgonjwa ambaye bado haonekani kuumwa.

Jawabu lilitoka Buffalo, Marekani, kwa Robert Guthrie, baba wa mtoto mwenye ulemavu wa akili na jamaa wa binti mwenye fenilketonuria. Alichoma kisigino cha mtoto mchanga, akaacha tone la damu linywewe na karatasi nene ya kuchujia, akalikausha. Kisha akakata kiduara cha karatasi ile, akakiweka juu ya ute wenye bakteria waliozuiliwa wasikue. Fenilalanini ikizidi katika damu, huvunja kizuizi hicho, na bakteria huota wakakizunguka kiduara kama mwezi uliopigwa na duru. Karatasi yenyewe huweza kutiwa katika bahasha na kupelekwa kwa posta, hata mtoto aliyezaliwa kijijini akapimwa mjini mama asiondoke kitandani. Na kampuni moja ilipotaka dola 262 kwa sanduku la vifaa ambalo Guthrie alilitengeneza kwa dola 6, aliipinga hadharani. Kwangu mimi, hilo ni tendo kubwa sawa na uvumbuzi wenyewe.

Massachusetts ikaufanya upimaji huo kuwa sheria mwaka 1963. Upimaji wa upungufu wa homoni ya tezi ya shingo ulifuata katika miaka ya 1970, na tangu miaka ya 1990 mashine zimeweza kutambua makumi ya maradhi kwa kiduara kimoja.

Tone lile lile huonyesha pia selimundu, maradhi ya seli za damu. Mwaka 1986 uchunguzi wa Marekani ulithibitisha kwamba penisilini, ikianzwa mapema, huwakinga watoto wenye selimundu na maambukizi yenye kuua. Tanzania hukadiriwa kuzaa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na ijapokuwa hospitali ya Muhimbili imekwisha kujaribu kuwapima wachanga, wengi wao bado hurudi nyumbani bila kupimwa. Penisilini hiyo yapasa ianze mtoto afikapo miezi miwili, wakati ambapo anacheka na kunyonya kama wenziwe. Na selimundu haina harufu ya kumzindua mama.