Jinsi Shule Ilivyofika Kijijini

Anayetaka kuelewa kwa nini mtoto wa Kibondo na mtoto wa Moshi Vijijini hawakuanza safari ya elimu mahali pamoja, hana budi kurudi nyuma zaidi ya miaka mia moja, aangalie wamisionari walifika wapi na kahawa ilistawi wapi. Shule nyingi za mwanzo Tanganyika hazikujengwa na serikali. Zilijengwa na misheni, na misheni zilikaa pale zilipopata makazi yanayofaa na watu wa kuwasikiliza: miteremko ya Kilimanjaro, nchi ya Bukoba, Usambara, Masasi. Wapo wanaosema kwamba hiyo peke yake inatosha kueleza kwa nini baadhi ya wilaya zilitangulia. Hoja hiyo ina ukweli, lakini ina tobo. Masasi ilipata misheni ya Waanglikana mwaka 1876, kabla Kilimanjaro haijapata misheni za kudumu, na bado haikwenda kwa kasi ileile. Kilichoongezeka Kilimanjaro na Bukoba ni fedha ya kahawa. Wakulima wa Kilimanjaro waliunda chama chao cha kwanza mwaka 1925, kikafuatiwa na chama cha ushirika cha KNCU mwaka 1933, na familia iliyouza kahawa iliweza kulipa ada mwaka baada ya mwaka. Misheni ilileta mwalimu. Kahawa ikamlipia mtoto abaki darasani.

Serikali ya Waingereza haikuziba pengo hilo. Mtindo wake ulikuwa shule ya kijiji ya miaka minne, na mwishoni mwa darasa la nne mtihani uliowachuja wengi. Aliyefaulu alilazimika kwenda shule ya kati, mara nyingi mbali na kwao na yenye bweni, na huko kulikuwa na ada, nauli, blanketi na sare. Kwa hiyo mtoto wa mfugaji wa Shinyanga angeweza kuwa na akili sawa na mtoto wa karani wa Tabora, lakini mmoja alirudi kuchunga na mwingine akaendelea. Umbali ulifanya kazi ya mtihani wa pili, na haukusahihishwa na mtu yeyote.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, watoto waliokuwa katika shule za msingi walikuwa takriban 490,000, na wengi wao walisoma hadi darasa la nne tu. Sekondari zilikuwa na wanafunzi wasiofika 12,000 nchi nzima. Serikali mpya ilikuwa na haraka ya kupata madaktari, wahandisi na mabwana shamba, ikatia nguvu kwanza katika sekondari na elimu ya juu. Uamuzi huo ulieleweka, kwa kuwa ofisi zilikuwa zikiachwa na Waingereza na zilihitaji watu. Hata hivyo ulikuwa na gharama, nayo ililipwa na kijiji. Shule za msingi ziliongezeka, watoto wakamaliza kwa wingi, kisha wakakuta mlango wa mbele umefungwa. Vijana waliomaliza darasa la saba au la nane waliona aibu kushika jembe, kwa kuwa kila walichofundishwa kiliwaandaa kwa kiti cha ofisini, nao wakaelekea Dar es Salaam, Mwanza na Tanga kutafuta kazi ambazo hazikuwapo.

Hapo ndipo Rais, Mwalimu Julius Nyerere, alipoandika Elimu ya Kujitegemea, mwezi Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha. Alieleza wazi kwamba ni asilimia 13 tu ya wanaomaliza shule ya msingi wangepata nafasi ya sekondari. Kutokana na hesabu hiyo alijenga hoja yake: ikiwa wengi wataishi kijijini, basi shule ya msingi iwe elimu kamili kwa maisha ya kijijini, isiwe ngazi ya kupandia tu. Kila shule iwe na shamba, na wanafunzi washiriki kupanga kazi na kutumia mapato yake.

Watu wamegawanyika juu ya kilichotokea baadaye. Wengine husema wazo lilikuwa zuri, ila walimu hawakuandaliwa, hivyo shamba la shule likageuka adhabu kwa wachelewaji na chanzo cha mahindi ya walimu. Wengine husema wazo lenyewe lilikuwa na kasoro, kwa kuwa mzazi wa kijijini hakumpeleka mtoto shule akajifunze kulima. Hilo aliliweza mwenyewe. Mimi naona maelezo ya pili yanagusa kiini zaidi. Mzazi hakudharau kilimo. Alijua tu kwamba waliopanga sera, pamoja na walimu na maafisa aliowaona, walipita njia ya vitabu, na alitaka njia hiyo ibaki wazi kwa mwanawe. Shule iliyoahidi kumrudisha shambani ilionekana kwake kama nusu ya shule.

Hatua iliyofuata ndiyo kubwa kuliko zote. Mwezi Novemba 1974, chama tawala, TANU, kilikutana Musoma na kuazimia kwamba kila mtoto wa Tanzania apate elimu ya msingi ifikapo mwisho wa mwaka 1977. Azimio hilo halikuja peke yake. Ada ya shule za msingi ilikuwa imeondolewa mwaka 1973, na Operesheni Vijiji ilikuwa ikihamisha mamilioni ya watu kutoka katika makazi yaliyotawanyika na kuwaweka katika vijiji vya pamoja. Uhamisho huo ulifanyika kwa nguvu mahali pengi, na maumivu yake hayapaswi kufichwa. Lakini uliacha mamia ya kaya mahali pamoja, na shule ikawa na wanafunzi wa kutosha ndani ya mwendo wa mtoto wa miaka saba.

Tatizo likawa mwalimu. Vyuo vya ualimu visingeweza kutoa maelfu ya walimu katika miaka mitatu. Serikali ikawachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawafundisha kazi wakiwa kazini. Hao ndio walioitwa walimu wa UPE, yaani wa mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote. Siku yao ilikuwa na sehemu mbili: asubuhi walifundisha watoto, mara nyingi darasa la kwanza au la pili, na muda uliobaki wakasoma masomo ya ualimu kwa njia ya posta na redio, chini ya mratibu wa elimu wa kata. Madarasa yalikuwa ya miti na udongo, au kivuli cha mwembe, na watoto waliingia kwa zamu, kundi moja asubuhi na jingine mchana. Jioni madawati yaleyale, pale yalipokuwapo, yalikaliwa na wazazi wao katika kisomo cha watu wazima.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 shule za msingi zilikuwa na watoto wapatao milioni 3.5. Kwa nchi maskini iliyoanza na chini ya nusu milioni miaka ishirini kabla, hili lilikuwa jambo kubwa, na sioni sababu ya kulisema kwa sauti ya chini.

Kisha mafanikio yakaanza kurudi nyuma. Kufikia miaka ya 1990 watoto wengi hawakuandikishwa kwa wakati, wengine waliacha njiani, na majengo ya UPE yalikuwa yanabomoka. Sababu zinazotajwa ni tatu. Ya kwanza ni haraka: walimu wasioiva walizalisha wanafunzi wasioiva, na wazazi wakapoteza imani. Ya pili ni uchumi: vita dhidi ya Idi Amin wa Uganda mwaka 1978 na 1979, kupanda kwa bei ya mafuta na kushuka kwa bei za mazao vilikausha hazina, na baada ya mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986 matumizi ya huduma za jamii yalibanwa zaidi. Michango ya wazazi ikarudi, na mwalimu akauza maandazi au kulima ili aishi. Ya tatu ni mlango wa sekondari, uliokuwa mwembamba kiasi kwamba ni wachache tu walioweza kupita.

Haraka iliumiza ubora, hakuna ubishi. Lakini kama wazazi wangekuwa wamepoteza imani na elimu, tusingeona kilichotokea Kilimanjaro miaka hiyohiyo ya dhiki. Huko wananchi, makanisa na Jumuiya ya Wazazi ya chama tawala walijenga sekondari kwa fedha zao, na mwishoni mwa miaka ya 1980 sekondari zisizo za serikali zilikuwa zimezidi za serikali kwa idadi nchini. Kiu ilikuwapo. Kilichokosekana katika wilaya zisizo na kahawa ni fedha, na pia sababu ya kumgharamia mtoto miaka saba kwa safari iliyokwisha darasa la saba. Kwa hiyo naziweka sababu ya pili na ya tatu mbele ya ile ya kwanza.

Mlango wa msingi ulifunguliwa tena mwaka 2002, pale ada ilipofutwa chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM. Watoto walioandikishwa walipanda kutoka chini ya milioni tano hadi kupita milioni nane katika muda wa miaka sita hivi. Wimbi hilo lilipokaribia darasa la saba, swali la sekondari halikuweza kuahirishwa tena, na jibu likawa shule ya kata.

Mpango wa sekondari, MMES, ulianza mwaka 2004, na msukumo mkubwa ukaja wakati Edward Lowassa alipokuwa Waziri Mkuu: kila kata iwe na sekondari yake. Namna zilivyojengwa ni sehemu muhimu ya historia hii. Mkutano wa kijiji ulipanga mchango wa kila kaya. Wanawake walisomba maji na mchanga, wanaume wakagonga kokoto, wakachimba msingi na kuchoma matofali. Ukuta ulipofika kwenye lenta, halmashauri ilitarajiwa kuleta mabati, saruji na fundi wa kumalizia. Mahali pengine vifaa vilichelewa, na kuta zikakaa miaka zikinyeshewa. Wananchi huyaita majengo hayo maboma. Pamoja na hayo, sekondari za serikali ziliongezeka kutoka 828 mwaka 2004 hadi 3,397 mwaka 2010. Kwa mara ya kwanza, mtoto wa kijiji cha kawaida aliyefaulu darasa la saba aliweza kutarajia kidato cha kwanza.

Lakini kata ni kubwa. Mtoto wa kitongoji cha mwisho aliweza kutembea saa mbili kwenda na mbili kurudi, kwa hiyo wazazi wakaanza kupanga chumba karibu na shule. Wanafunzi wanakiita geto: kitanda, ndoo, jiko la mafiga matatu nje ya mlango, na gunia la mahindi la mwezi kutoka nyumbani. Msichana wa miaka kumi na minne aliishi humo bila mtu mzima, na baadhi ya walioacha masomo kwa mimba walianzia kwenye upweke huo. Ni Novemba 2021 tu ndipo serikali ilipotangaza kwamba waliojifungua wanaweza kurudi shuleni.

Ndani ya darasa kulikuwa na mabadiliko mengine. Mtoto aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili alikutana na fizikia kwa Kiingereza, na mara nyingi hakuwapo mwalimu wa fizikia. Mwalimu mpya aliyepangiwa kata ya mbali alikuta hakuna nyumba, hakuna umeme, na mshahara unafuatwa mjini kwa basi la siku nzima. Wengine waliripoti, wakaondoka. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa mwaka 2013, karibu asilimia 60 ya watahiniwa walipata daraja sifuri. Nchi ilishtuka, tume ikaundwa, na matokeo yakapangwa upya. Wapo waliolaumu shule za kata zenyewe. Lawama hiyo inamwangukia asiyehusika: wanakijiji walifanya sehemu yao hadi kwenye lenta, na sehemu iliyobaki, yaani mwalimu, kitabu na maabara, haikuwa mikononi mwao.

Tangu hapo mambo yamesogea. Elimu bila ada hadi kidato cha nne ilianza Januari 2016. Fedha za kukabiliana na UVIKO-19 zilijenga madarasa 15,000, yakiwamo 3,000 ya shule shikizi, zile ndogo zinazowapokea watoto wa vitongoji ambavyo shule mama iko mbali navyo mno. Katika sehemu nyingi za vijijini, jengo si kikwazo kama lilivyokuwa kwa bibi na babu zetu.

Sasa sera mpya inataka elimu ya lazima ya miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari. Kwa mpangilio uliotangazwa, darasa la sita la kwanza na darasa la saba la mwisho yatamaliza pamoja mwaka 2027, na Januari 2028 makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa mpigo. Halmashauri na serikali za vijiji zinazopanga bajeti sasa zinajua wimbi linakuja lini, jambo ambalo waliokutana Musoma hawakuwa na muda wa kulipanga. Wanakijiji wataombwa tena matofali, na watayatoa. Safari hii, matofali ya kwanza yaende kwenye nyumba ya mwalimu na bweni la wasichana, na orodha ya walimu watakaoishi humo itolewe kabla ya msingi kuchimbwa.