Kanga, maji na kiangazi

Tukisema historia ya uwindaji katika Katanga, mara moja watu wanataja Mbidi Kiluwe, yule mwindaji ambaye masimulizi ya Waluba yanamutoa mashariki na kumufanya baba ya Kalala Ilunga. Hiyo ni habari ya wakubwa. Sisi hapa tunataka kusema juu ya nyama ya watu wadogo: kanga.

Jina lake limetembea mbali. Mwaka 1758, Linnaeus alimupatia dinde wa pori wa Amerika jina la Meleagris, ambalo Wagiriki wa zamani walikuwa wakiitia kanga. Basi kanga wetu ndiye mukubwa, dinde amerizi jina tu.

Kwetu mvua inakatika mu mwezi wa 4 ama wa 5, na hairudi vizuri mpaka mwezi wa 10. Majani yanakauka, moto unapita porini, vijito vidogo vinakufa. Kanga anakula mbegu kavu, kwa hiyo lazima anywe. Asubuhi kundi linashuka kwenye miti ambamo limelala, linatembea kwa miguu, mmoja nyuma ya mwingine, kwa njia ile ile ya jana. Kumukimbiza ni kazi bure: anashinda mtu mbio, na ukimukaribia anaruka. Wazee walimungoja.

Walijenga lupango mufupi wa matawi, kimo cha goti, ukikata njia inayoenda kwa maji. Mule waliacha milango midogo, na kwa kila mulango kitanzi cha kamba ya ganda la muti, kimefungwa kwa fimbo iliyopindwa. Kanga akikuta lupango haruki juu, anaufuata pembeni akitafuta pa kupita. Akiingiza shingo, fimbo inanyooka. Mitego ilikaa mbali kidogo na maji yenyewe, kwa sababu kundi likiogopeshwa pale linapokunywa, linahama.

Tuangalie pia majira. Wakati wa kiangazi kanga wako kundi. Mvua ikianza wanagawanyika wawili wawili, na mama anataga chini, ndani ya majani, analalia karibu siku 27. Aliyetega kiangazi aliacha mama zikae. Hatusemi wazee walikuwa malaika: wakikuta mayai, walikula!

Halafu Leta ikaingia. Amri ya tarehe 21 mwezi wa 4, 1937, ilifanya uwindaji kuwa jambo la karatasi. Mwaka 1939 Parki ya Upemba ikaundwa, na mwenye kutega ndani yake akawa mwizi. Sheria namba 82-002 ya mwaka 1982 nayo inauliza permi. Hatukatai: bila ulinzi bunduki zingemaliza nyama. Lakini karatasi inamutazama mwindaji, haiulizi kama anajua njia ya kanga ama hapana.

Na maji yenyewe? Kuna wenye kuulia samaki kwa dawa za shamba. Dawa hiyo ikiingia katika dimbwi la mwisho la kiangazi, haichagui. Kanga atakunywa pale, mbuzi atakunywa, na mama wa kijiji atakuja na bidoni yake. Kitanzi cha kamba kilikamata shingo moja, na siku mvua ilipoanza wazee walikifungua, wakarudisha kamba nyumbani.