Zile Santuri Tulizorusha Mferejini

Nikiwa na miaka tisa hivi, mimi na binamu zangu wawili tulikuwa na mchezo wetu pale Matuu. Mjomba alikuwa na katoni ya santuri ndogo, zile za mizunguko 45, iliyokaa juu ya kabati tangu gramafoni yake iharibike. Tulikuwa tunachomoa mbili tatu, tunaenda nazo hadi mfereji wa Yatta, halafu tunashindana: ya nani itavuka maji ifike ng'ambo? Santuri ukiirusha vizuri inaelea hewani kama mwewe. Ukiirusha vibaya inapiga maji na kuzama. Katoni nzima iliisha likizo moja ya Agosti.

Siwezi kusema eti hatukujua ni makosa. Tulijua ni za mtu. Hatukujua tu ni za nini.

Miaka kumi na tano baadaye niko Nairobi, nimeshaacha chuo mwaka wa pili, naandika makala za watu wengine kwa pesa ya bando na chapo. Usiku mmoja nikawa nasikiliza mkusanyiko unaoitwa Kenya Special, uliotolewa mwaka wa 2013 na lebo ya London, Soundway. Una nyimbo 32 zilizorekodiwa hapa Kenya miaka ya 1970 na 1980. Nikawa napitia majina ya bendi nikiwa nimelala, simu iko usoni. Nikaona: Ndalani 77 Brothers, wimbo unaitwa "Nzaumi".

Nikaketi. Ndalani? Ndalani yetu? Hiyo ni wadi ya hapo hapo kwetu, eneo bunge la Yatta. Nimeenda matanga Ndalani. Nimepanda boda ya Ndalani nikabishana bei. Sasa iko London, imepangwa kwenye albamu, na jamaa wa Ulaya wanaisifu.

Hapo ndipo nilipoikumbuka ile katoni.

Wacha nirudi nyuma kidogo, kwa sababu najua wengi wetu benga ya Kikamba tunaijulia kwa Maima, saa saba usiku, klabu imejaa na kila mtu ghafla anajua Kikamba. Hiyo ni sawa. Lakini kabla ya Maima, kabla ya Ken wa Maria na Katombi, kulikuwa na kizazi kilichokuta gita la umeme ni kitu kigeni na kikaamua lizungumze kama nyumbani.

Benga yenyewe ilianzia Nyanza. Wanamuziki Wajaluo walichukua mapigo ya nyatiti, ile ala yao ya nyuzi nane, wakayahamishia kwenye gita. D.O. Misiani, aliyezaliwa Shirati upande wa Tanzania, akawa mmoja wa wafalme wake. Kutoka huko mtindo ukasambaa nchi nzima, hata ukavuka mipaka. Santuri za produsa Phares Oluoch Kanindo zilipendwa sana Zimbabwe, mpaka watu wa huko wakauita muziki wenyewe "kanindo".

Ukambani ulipofika, haukuigwa tu ulivyo. Sikiliza gita mbili za bendi ya Kikamba ya wakati ule. Moja inakaa chini, inashika kodi, inaonyesha njia. Ya pili inapanda juu kabisa na kudonoa noti ndogondogo, haraka haraka, bila kupumzika, kama kuku anayedonoa mtama uliomwagika uani. Haitafuti sifa. Unaweza kusikiliza wimbo mzima bila kuigundua, lakini ikinyamaza utahisi kuna mtu ametoka chumbani. Chini yake kuna besi, na ngoma zenye harufu ya cavacha, ule mwendo ulioletwa na bendi za Kongo.

Majina makubwa yalikuwa matatu. Peter Mwambi na Kyanganga Boys. Kalambya Boys pamoja na Kalambya Sisters, wale wadada wa sauti nyembamba kali walioimba "Katelina", habari ya msichana anayependa pombe na kupata mimba kila mwaka. Halafu Kakai Kilonzo na Les Kilimambogo Brothers.

Hilo jina la mwisho lisome polepole. Ukitoka Thika ukielekea Garissa, kabla hujafika Matuu, utaona mlima umejikalia peke yake upande wa kulia, mita 2,145. Wamasai waliuita Ol Donyo Sabuk, Wakamba Kyanzavi, na kwa Kiswahili ni Kilimambogo, kwa sababu ya mbogo wake. Kakai akauchukua mlima huo, mbele akaweka "Les" ya Kifaransa kwa vile Nairobi ya wakati ule bendi bila "Les" ilikuwa kama haijavaa viatu, nyuma akaweka "Brothers" ya Kiingereza. Lugha tatu kwenye jina moja, na katikati yake mlima wa nyumbani. Hata kuimba aliimba hivyo, Kikamba na pia Kiswahili, ndiyo maana "Mama Sofi" ilipendwa na watu ambao hawajawahi kukanyaga Machakos. Alirekodi kuanzia katikati ya miaka ya 1970 hadi alipofariki mwaka wa 1987, bado kijana.

Ukiangalia majina ya enzi hiyo utaona hawa watu hawakuficha walikotoka. Shirati Jazz. Rift Valley Brothers. Kilimambogo. Ndalani. Mtu ameenda mjini kutafuta, analala watu wanne chumba kimoja, anarekodi River Road, na kitu cha kwanza anachoandika kwenye santuri ni jina la kwao.

Santuri yenyewe ilikuwa kitu kidogo kigumu. Upande mmoja haukubeba zaidi ya dakika nne au tano, na wimbo wa benga hauishi dakika tano. Kwa hivyo waliukata mara mbili. Upande wa kwanza hadithi inaimbwa: nani amemwacha nani, nani amekopa na hajalipa. Unageuza, na upande wa pili maneno yanapungua, gita zinachukua usukani, ngoma inapanda, watu wanacheza. Nafikiri hii ndiyo sehemu tunayoikosa kabisa tukisikiliza kwa simu. Kulikuwa na kimya kifupi katikati, na mtu alilazimika kusimama, kwenda kwa gramafoni na kugeuza.

Ulienda wapi muziki huu? Jibu fupi ni kaseti. Kufikia miaka ya 1980 mtu mwenye mashine mbili na duka dogo angeweza kunakili santuri moja mara mia, na mwanamuziki asione hata shilingi. Chama cha kukusanya mirabaha, MCSK, kilianzishwa mwaka wa 1983, na malalamiko ya wanamuziki hayajaisha hadi leo. Redio nayo haikuwa rafiki wa kutegemewa. Machi 1980 Sauti ya Kenya iliamua kwamba asilimia 75 ya muziki itakaoupiga utakuwa wa Kenya. Uamuzi huo ulidumu siku chache tu, ukabatilishwa. Kufikia miaka ya 1990 santuri mpya zilikuwa karibu zimeisha. Zile za zamani zikabaki juu ya makabati, zikingoja watoto kama sisi.

Kwa hivyo sitaki kuandika ile makala ya "wazungu wametuibia muziki". Kuna maswali ya haki za hizo nyimbo, ndiyo, na yaulizwe. Lakini mtu wa London alipata santuri ya Ndalani akaitunza. Mimi niliipata ya kwetu nikaitupa majini.

Tena mkusanyiko una nguvu yake. Mfano ninaoupenda unatoka Marekani. Mwaka wa 1952 jamaa anayeitwa Harry Smith alichukua santuri kuukuu alizokuwa anakusanya, za muziki wa mashambani, weusi kwa weupe, zilizorekodiwa mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930. Akachagua 84, zikatolewa na kampuni ya Folkways. Nyingi zilikuwa zimesahaulika kabisa. Vijana wa mjini wakazisikia wakachanganyikiwa, wakaanza kuuliza: hawa walioimba wako wapi?

Mmoja wao alikuwa Mississippi John Hurt, mpiga gita aliyerekodi mwaka wa 1928 halafu akarudi shambani. Hakuna aliyejua kama yu hai. Lakini katika wimbo wake mmoja alikuwa amekitaja kijiji chao, Avalon. Mwaka wa 1963 shabiki mmoja akatafuta Avalon kwenye ramani, akaenda huko Mississippi, akaulizia. Akaambiwa nyumba ni ile pale. Mzee alikuwa hai na vidole bado vinafanya kazi. Mwaka huo huo alipiga kwenye tamasha la Newport mbele ya maelfu. Alipata miaka mitatu ya kusikilizwa kabla ya kufa mwaka wa 1966.

Na si yeye tu. Bluegrass, ule muziki wao wa banjo na fidla unaokimbia kama matatu ya Thika Road, ulipata jina kutokana na bendi ya Bill Monroe, Blue Grass Boys. Monroe alitoka Kentucky, jimbo linalojulikana kwa nyasi hizo, akabeba jina la kwao, na jina la kwao likawa jina la muziki wote. Mwaka wa 1945 Earl Scruggs alijiunga naye akidonoa banjo kwa vidole vitatu, na banjo yenyewe mababu zake ni ala za Afrika Magharibi, zilizovushwa bahari na watu waliofanywa watumwa. Huko pia bendi zilipenda kujiita "Brothers": Monroe Brothers, Stanley Brothers. Nikisikia ile banjo inavyodonoa juu juu, nasikia lile gita la pili la Ukambani. Sisemi moja limezaa lingine. Nasema ni watu wa mashambani walioenda mbali na nyumbani, wakapiga nyuzi haraka, wakaandika anwani kwenye bahasha ili mtu awafuate.

Sisi tumechelewa kufuata, ingawa wapo walioanza. Ketebul Music ya Tabu Osusa ilitoa Retracing the Benga Rhythm mwaka wa 2008, muziki, filamu na kijitabu pamoja, na ni kazi ya Wakenya wenyewe. Kenyatta Market, James Rugami amekaa na santuri zake miaka mingi akiuzia yeyote anayejali. Lakini hao hawawezi kupanda juu ya kila kabati la Yatta.

Mwezi uliopita nilienda nyumbani. Jioni tukiwa barazani nikamwekea mjomba "Nzaumi" kwenye simu. Hakusema kitu. Alisogeza kiti. Wimbo ulipoisha akaniambia, "Rudisha." Nikarudisha. Mara ya tatu akaanza kupiga goti kwa vidole, na si mapigo ya ngoma, ni yale ya gita la juu. Mimi nilikuwa bado sijalisikia vizuri mpaka nilipoona vidole vyake.

"Umeitoa wapi?"

"London, mjomba."

Akacheka. Halafu akasema, taratibu, "Nilikuwa na katoni nzima. Anti yako aliitupa akisafisha nyumba."

Anti alikuwa mlangoni na chai. "Miaka yote hiyo nakuambia sikuitupa," akasema, kwa sauti ya mtu aliyelisema jambo hilo mpaka amechoka.

Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Nakubali niliipima. Halafu nikawaambia yote: mfereji, mashindano, likizo ya Agosti. Mjomba akaniangalia muda mrefu, akamwangalia anti. Anti akaweka sinia chini na hakunimiminia chai. Alimmiminia mjomba, kikombe kimejaa, akasimama pale akingoja. Ilibidi mzee wa miaka sabini amwombe mke wake msamaha mbele yangu, kwa kosa langu.

Usiku huo nilichukua daftari. Tuliongea Kikamba mpaka taa ya sola ikazima: santuri ipi, rangi ya lebo, aliinunua wapi, ilipigwa harusi ya nani, upande wa pili ulikuwaje. Tumefikisha majina 37. Mengine yana kichwa tu bila bendi, mengine yana bendi bila kichwa, na moja ameshika gita lake lakini maneno yamempotea, kwa hivyo nimemrekodi akilipiga kwa mdomo. Anti naye amemsahihisha mara nne, na mara zote nne alikuwa sawa.

Ule mfereji ulichimbwa miaka ya 1950 na wafungwa wa Mau Mau, watu ambao majina yao pia hatuna kwenye daftari lolote pale nyumbani. Nilisimama hapo asubuhi kabla ya kupanda mat. Maji yalikuwa ya kahawia, yanaenda zake mashambani.

Kama kwenu kuna katoni juu ya kabati, usingoje Desemba. Kama haipo tena, aliyekuwa nayo huenda bado yupo, na vidole vyake vinakumbuka. Mimi narudi wikendi hii. Mjomba anasema Ndalani kuna mzee aliyekuwa akiuza santuri sokoni siku za soko. Tutaenda na boda mbili, kwa sababu anti amesema naye anakuja.