Redio ya Babu na Sura ya Tatu

Ndugu msomaji, kama nawe una daftari la riwaya chini ya godoro, kisa hiki kinakuhusu. Mimi nimemaliza kidato cha nne, ajira sina, ila riwaya ninayo. Sura yake ya tatu ni usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika inapata Uhuru. Niliandika kwamba watu wa mtaani kwetu Tanga wamejazana dirishani kwa babu. Babu anawasha redio, na papo hapo sauti inalipuka. Niliipenda sana sentensi ile.

Redio yenyewe bado ipo. Ni boksi la mbao, lina kitambaa mbele ya spika na kioo chenye majina ya miji ya Ulaya. Tangu babu afariki ilikaa kimya juu ya kabati. Siku moja nikataka kuichomeka ukutani, niisikie, nipate hamu ya kuandika. Bibi akanidaka mkono: "Mume wangu, utaniunguzia nyumba! Ipeleke kwa fundi."

Nikaibeba hadi kwa mzee mmoja anayejua redio za zamani. Nikamwamkia. "Marahaba. Umeichomeka?"

"Bado, mzee."

"Afadhali."

Akaifungua. Kumbe ndani hamna transista hata moja, ni valvu tupu: vichupa vya kioo vilivyoondolewa hewa. Mwingereza John Ambrose Fleming alibuni valvu ya kwanza mwaka 1904. Mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest akaongeza sehemu ya tatu, na kwa njia hiyo sauti dhaifu ikaja kuweza kukuzwa. Transista ilibuniwa mwaka 1947, lakini Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kutangaza mwaka 1951, redio za majumbani zilikuwa bado ni za valvu.

Tena redio kama ya babu ilitaka umeme wa ukutani. Vijijini je? Kule Lusaka, mwaka 1949, Harry Franklin wa idara ya habari alifanikiwa kupata redio ya valvu ya bei nafuu iliyotumia betri kavu. Boksi lake lilikuwa la alumini, mviringo kama sufuria, na watu wakaiita hivyo hivyo. Bei yake pauni 5, na betri ilidumu saa 300 hivi. Basi, mwandishi mwenzangu, usimchomekee mtu redio ukutani katika kijiji kisicho na nguzo ya umeme!

Fundi hakuwa na haraka. Kwanza, bila umeme, alikagua waya ambazo mpira wake umekauka na kupukutika. Akachukua mita, akapima fyuzi, transfoma na nyuzi za valvu. Halafu akanionyesha kapasita za karatasi na nta. "Hizi ndizo adui. Mita ya kawaida hupima kwa volti chache, itakwambia ni nzima. Zikipewa volti 250 zinavuja, transfoma inaungua." Akazibadilisha, akaweka mpya zenye uwezo wa volti zilezile au zaidi.

Alipofika kwenye kuwasha, aliunganisha taa ya kawaida ya wati 60, ile ya uzi, mfululizo na redio. Taa ikiwaka kwa nguvu, kuna shoti, ikififia, endelea. "Lakini taa hii inailinda redio, haikulindi wewe," akasema. Kwa redio zisizo na transfoma yao, ambazo bati la ndani laweza kuwa na umeme, hutumia transfoma ya kutenganisha. Anapopima, mkono mmoja huuweka mfukoni. Na hata akizima na kuchomoa, hagusi kitu: humwaga umeme uliobaki kwenye kapasita kupitia rezista, kisha huthibitisha kwa mita. Nikakumbuka mkono wangu pale ukutani kwa bibi, nikanywea.

Taa ikang'aa kidogo, ikafifia. Redio kimya. "Imekufa?" nikauliza.

"Ngoja, mjukuu wangu. Valvu hupashwa moto kwanza."

Baada ya nusu dakika hivi ukaja mvumo, halafu sauti ya mbali, lugha nisiyoijua. Pale pale nikajua sura yangu ya tatu ni uongo.

Nilimrudishia bibi redio yake. Akaisikiliza, akasema, "Ndivyo ilivyokuwa. Babu yako akishawasha, sote tunanyamaza, tunaingoja."

Nimefuta sentensi niliyoipenda. Sasa watu wamejazana dirishani, redio imewashwa, na hakuna anayesema. Nusu dakika hiyo imenigharimu kurasa mbili, na ndizo kurasa pekee ambazo bibi amesoma hadi mwisho. Historia tunayoitaka ndugu zangu imo majumbani mwetu, juu ya makabati. Tuifungue, lakini tuipime kwanza.