Mba kichwani: soma jina la dawa mbele ya kununua shampuu

Kichwa kinawasha, unga mweupe unaanguka kwenye mabega, na jirani anakuambia: «Ngozi imekauka, tia mafuta.» Hilo ndilo kosa la kwanza. Mba inaletwa na kuvu, kijidudu kisichoonekana kwa macho, kinachoishi kichwani na kula mafuta ya ngozi. Ukipaka mafuta kwenye ngozi ya kichwa, unakilisha.

Sokoni Kadutu ao Virunga chupa ni nyingi, na picha zote ni nzuri. Wewe geuza chupa, tafuta moja ya majina haya:

- Ketokonazoli: inaua kuvu. Ile ya asilimia 2 inatumiwa mara 2 kwa juma, kwa muda wa majuma 2 mpaka 4.
- Zinki piritioni: inafaa kwa mba isiyo kali.
- Seleni salfaidi: ina nguvu, lakini inaweza kubadilisha nywele zilizotiwa rangi.

Kama hakuna hata moja, hiyo inaweza kuwa sabuni ya kunukia tu. Chunga feza yako.

Namna ya kutumia: lowesha kichwa, paka dawa kwenye ngozi yenyewe, ngoja minuti 5, kisha osha kwa maji mengi. Wengi wanaosha palepale, halafu wanasema dawa ni mbaya. Mama ao dada aliyesuka, afungue misuko kwanza. Mba ikiisha pungua, mara moja kwa juma inatosha, juu dawa hizi zinakausha nywele. Mafuta yapakwe kwenye nywele, si kwenye ngozi.

Sasa, wazazi, angalieni watoto. Mtoto akiwa na mabaka yasiyo na nywele, nywele zikikatika karibu na ngozi, ao tezi za shingo zikivimba, usiseme ni mba. Inaweza kuwa choa cha kichwani. Hapo shampuu peke yake haiponyeshi, kwa sababu ugonjwa umeingia ndani ya nywele. Mtoto anahitaji vidonge, kama griseofulvini, kwa majuma mengi, na munganga ndiye anapima kadiri ya uzito wake. Mpeleke kwenye kituo cha afya. Mkingoja sana, nywele zinaweza kukosa kuota tena pale. Chanuo na kofia yake visitumiwe na wengine, na mashine ya kunyolea isafishwe na dawa.

Mtu mzima naye, kama mwezi mmoja umepita bila nafuu, aende kupimwa.