Ada, Makato na Tozo: Historia ya Istilahi za Malipo

Miongoni mwa istilahi ambazo wafasiri hutuuliza mara kwa mara siku hizi, nyingi zinatokana na mikataba ya malipo ya kielektroni: yale makaratasi ambayo mwenye duka, fundi cherehani au mwuza vinyago hupewa atie sahihi kabla ya kuanza kupokea fedha kwa simu, kwa kadi au kwa intaneti. Istilahi moja kati ya hizo ndiyo iliyotufanya tuandike makala hii. Katika Kiingereza cha mabenki, kiasi anachokatwa mwuzaji kila mteja anapomlipa kwa kadi huitwa kwa neno ambalo, likichukuliwa peke yake, maana yake ni "punguzo". Mfasiri aliyeharakishwa huandika: "punguzo la mfanyabiashara, asilimia 3". Msomaji wa Kiswahili huyaona maneno hayo akafurahi, akidhani amepunguziwa. Kumbe yeye ndiye anayekatwa.

Haitoshi kumlaumu mfasiri. Neno lenyewe lina historia, na bila kuifahamu historia hiyo hatuwezi kulipatia Kiswahili chake.

Wasomaji wanaijua hundi kuwa ni karatasi ya benki. Lakini katika karne ya 19 hundi ya wafanyabiashara wa Kihindi, waliokuwapo Unguja na katika miji ya pwani, ilikuwa ni waraka wa kumwamuru mtu aliye mji mwingine amlipe mwenye waraka kiasi fulani, mara nyingine baada ya muda uliotajwa. Mwenye hundi ya muda asipotaka kungoja, aliweza kumwuzia mwingine kwa bei iliyo chini ya kiasi kilichoandikwa, na tofauti ile ikawa pato la mnunuzi. Benki za Ulaya nazo zilinunua nyaraka za namna hiyo, na tofauti hiyo zikaiita punguzo. Jina lilikuwa sahihi kwa upande wa benki, kwa kuwa ilikuwa imenunua waraka wa 100 kwa 95.

Desturi hiyo ndiyo iliyoingia katika biashara ya kadi. Diners Club ilipoanzishwa New York mwaka 1950, mgeni alikula mkahawani akatia sahihi, kampuni ikamlipa mwenye mkahawa, kisha ikamdai mgeni mwisho wa mwezi. Kampuni haikumlipa mwenye mkahawa kiasi kamili, bali ilibakiza yapata asilimia 7. Kwa jicho la kampuni, stakabadhi zilikuwa zimenunuliwa kwa punguzo, kama hundi. Kwa jicho la mwenye mkahawa, hapakuwa na punguzo lolote, alikuwa ametozwa. Jina lililobaki katika vitabu ni lile la mnunuzi wa stakabadhi, na limeendelea kusafiri kutoka mkataba hadi mkataba mpaka likafika mezani kwa mfasiri wa Dar es Salaam au Nairobi.

Mambo yaliongezeka utata pale Bank of America ilipotoa kadi yake mjini Fresno, California, mwaka 1958, na baadaye benki nyingine zikaruhusiwa kuitoa. Kadi hiyo ndiyo iliyopewa jina la Visa mwaka 1976. Sasa benki ya mnunuzi na benki ya mwuzaji zikawa mbili tofauti, na ikawa lazima ya pili iilipe ya kwanza kitu kwa kila ununuzi. Kitu hicho Kiingereza hukiita kwa neno linaloashiria kubadilishana. Jina hili halielezi chochote, kwani hakuna kinachobadilishwa: fedha hutoka upande mmoja tu, na hatimaye hutoka kwa mwuzaji, maana benki yake haina budi kuzirudisha kutoka kwake. Umoja wa Ulaya uliona uzito wa jambo hili ukaweka kikomo kwa sheria mwaka 2015: asilimia 0.2 kwa kadi za kutoa fedha iliyomo katika akaunti, na asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo. Kwa hiyo ni kitu kinachoweza kupimwa na kuzuiwa. Mfasiri anayekiita "ubadilishanaji" anakificha.

Biashara ilipohamia katika intaneti yakatokea makampuni ya kati, kama PayPal, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1990, na Stripe, iliyoanzishwa mwaka 2010. Hawa tumezoea kuwaita wachakataji wa malipo. Kitenzi kuchakata tunakifahamu kutokana na mkonge na samaki, na hatuna ugomvi nacho, madhali kila aliyewahi kuchakata mkonge anajua kwamba kinachotoka mashineni ni kidogo kuliko kilichoingia. Faida ya makampuni haya ni kwamba yalimwondolea mfanyabiashara mdogo shida ya kwenda benki kuomba akaunti maalumu. Gharama yake ni namna ya kuhesabu ada. Bei iliyotangazwa na Stripe kwa kadi za Marekani ni asilimia 2.9 ya mauzo, pamoja na senti 30 kwa kila malipo. Anayeuza kitu cha dola 100 hukatwa dola 3 na senti 20, yaani asilimia 3.2. Anayeuza kitu cha dola 5 hukatwa senti 44 na nusu, yaani asilimia 8.9. PayPal nayo, ilipopandisha ada yake Marekani mwaka 2021 kufikia asilimia 3.49 na senti 49, ilimfanya mwuzaji wa kitu cha dola 5 aache nyuma zaidi ya asilimia 13.

Hapa ndipo lugha inapomsaliti mdogo. Katika tafsiri nyingi ile asilimia hutajwa mbele, kwa tarakimu kubwa, na zile senti hufuata kama nyongeza isiyo na jina. Lakini kwa mwuza vikapu ni zile senti zinazomla. Tunaona ni lazima kila sehemu iwe na jina lake: ada ya asilimia, inayokua pamoja na bei, na ada ya mkupuo, isiyojali bei ni ndogo au kubwa. Na mteja anapolipa kwa dola ilhali mwuzaji anapokea kwa shilingi, kuna sehemu ya tatu, yaani ile iliyomo ndani ya kiwango cha kubadilishia fedha. Hiyo aghalabu haitajwi katika orodha ya ada kabisa, wala haionekani kama kato, kwa kuwa imekwisha kukatwa kabla hesabu haijaandikwa.

Tungesema pia neno juu ya maelezo ya kwamba nchi fulani "inahudumiwa". Kwa miaka mingi PayPal iliwaruhusu walioko Tanzania kulipa bila kuwaruhusu kupokea, ilhali kwa Kenya ilifungamanishwa na M-Pesa mwaka 2018 ili mpokeaji aweze kuzitoa fedha kwa simu. Nchi zote mbili zaweza kuitwa zinazohudumiwa. Mfasiri mwangalifu atauliza: zinahudumiwa kwa kulipa, au kwa kulipwa?

Tukirudi nyumbani, tunaona kwamba Kiswahili hakikuwa maskini katika uwanja huu. Ushuru tumeupata kutoka Kiarabu, na asili yake ni sehemu ya kumi, ingawa mkataba wa Seyyid Said na Marekani wa mwaka 1833 uliweka ushuru wa bidhaa ziingiazo kuwa asilimia 5, na neno likaendelea na safari yake bila kujali hesabu. Dalali na wakala nao ni wa zamani. Lakini neno lenye mafunzo zaidi ni ada. Asili yake ni desturi, na katika matumizi ya pwani ada ni kile ambacho desturi imekubali kitolewe: ada ya mganga, ada ya kungwi, ada za harusi. Sifa yake kuu ni kwamba hujulikana kabla ya kazi. Anayekwenda kupigiwa ramli huambiwa ada kwanza, hazushiwi baadaye. Hata hawala ya posta ilifuata kanuni hiyo: mtumaji alilipa ada dirishani, akapewa stakabadhi, na mpokeaji akapata kiasi kamili kilichoandikwa.

Safaricom ilipoanzisha M-Pesa nchini Kenya mwezi Machi 2007, na Vodacom ikafuata Tanzania mwaka 2008, ada iligawanyika. Kuna ya kutuma, anayolipa mtumaji, na kuna ya kutoa, inayomngoja mpokeaji kwa wakala. Watu hawakungoja kamati yoyote. Tanzania wakasema "nitumie na ya kutolea". Kenya wakasema "tuma na ya kutoa". Tunaitaja istilahi hii kwa heshima, kwani kwa maneno machache imeeleza ada ni ya tendo gani, italipwa lini, na nani ameombwa aibebe. Ni vigumu kupata katika faili zetu istilahi ya kitaalamu iliyofanya kazi kubwa kwa gharama ndogo kama hiyo.

Baadaye yakaja malipo ya dukani, Lipa na M-Pesa nchini Kenya mwaka 2013 na zile Lipa Namba ambazo leo zimebandikwa katika vibanda vya Tanzania. Hapo ada ikaweza kuhamishiwa kwa mwuzaji, naye akapata ujumbe wa simu wenye neno moja: makato. Neno hili tulilijua katika karatasi ya mshahara, ambako kodi, pensheni na mkopo wa ushirika huwekwa katika safu moja. Lina sifa ya kusema kwamba kitu kimekatwa bila kusema nani amekata. Katika karatasi ya mshahara hapana madhara, kwa kuwa kila mstari una jina lake. Katika ujumbe wa simu mistari haipo.

Tozo nalo lina mkasa wake. Limetokana na kutoza, yaani kumfanya mtu atoe, na kwa hiyo ndani yake mna mwenye nguvu na anayelazimika. Tarehe 15 Julai 2021 Serikali ya Tanzania ilianza kutoza miamala ya simu kati ya shilingi 10 na shilingi 10,000, kwa kadiri ya kiasi kinachotumwa au kutolewa; malalamiko yakawa mengi, na mwezi Septemba mwaka uo huo viwango vikapunguzwa kwa asilimia 30, kisha vikarekebishwa tena katika miaka iliyofuata. Katika kipindi hicho wananchi walianza kuita kila kinachokatwa tozo, ya serikali na ya kampuni pamoja. Matokeo yake ni kwamba mwananchi aliyekatwa na kampuni alimlalamikia mbunge wake, na aliyekatwa na serikali alimgombeza wakala, ambaye katika fedha zile alikuwa na kamisheni yake tu.

Yafaa tulinganishe na majirani. Uganda ilianza Julai 2018 kwa asilimia 1 ya fedha yenyewe, ikashuka Novemba hadi nusu asilimia ya fedha inayotolewa. Kenya, mwaka 2013, iliweka ushuru wa asilimia 10 juu ya ada ya kampuni, si juu ya fedha inayotumwa. Tofauti hii ni kubwa mno kwa mfukoni, lakini katika vichwa vya habari vya Kiswahili zote zilikuwa "kodi ya miamala". Mfasiri wa sheria asitaje asilimia bila kutaja ni asilimia ya nini.

Kwa mintarafu ya mikataba, basi, tunapendekeza kodi na tozo ziachiwe mamlaka ya umma, na ada iwe ya kampuni au benki. Kamisheni iwe ya wakala. Makato yabaki kuwa jumla ya vyote, yasitumiwe kamwe kama jina la kimoja. Lile "punguzo la mfanyabiashara" tunaliona halifai kabisa. Tuseme ada ya kupokea malipo, ili anayeibeba ajitambue katika jina. Ule "ubadilishanaji" uwe ada baina ya benki.

Kuna pia jambo la fedha kurudi. Mwuzaji akimrudishia mteja fedha kwa hiari yake, hayo ni marejesho, na mkataba useme kama ada nayo hurudi. PayPal, mathalan, iliacha kuirudisha ada hiyo mwaka 2019. Lakini mteja anapolalamika kwa benki yake, nayo ikazivuta fedha kutoka kwa mwuzaji, neno marejesho linapotosha. Hapo mwuzaji huweza kupoteza mali na fedha, na juu yake akatozwa ada ya shauri, ambayo Stripe imeiweka Marekani kuwa dola 15; kwa kikapu cha dola 5 ni mara tatu ya bei yake. Tumependelea uvutaji wa malipo. Wenzetu wengine hupenda marejesho ya lazima, nasi hatuoni kwamba lazima imetosha kuonyesha ni nani aliyelazimishwa.

Istilahi moja bado haijatulia. Simu ya mnunuzi husema "malipo yamekamilika" wakati benki imekubali tu, ilhali fedha zaweza kumfikia mwuzaji baada ya siku kadhaa, au zikashikiliwa na kampuni kwa muda mrefu zaidi ikiwa akaunti yake inachunguzwa. Hatua ile ya mwisho, fedha zinapomwangukia mwuzaji mkononi, imeitwa ulipaji wa mwisho, ukamilishaji, makabidhiano, na katika waraka mmoja tuliouona imeitwa suluhu, kana kwamba watu walikuwa wamegombana. Walimu wa biashara na maofisa wanaokutana na wenye maduka watuandikie neno wanalolisikia huko, pamoja na sentensi nzima lilimotumika.